Mji Hujulikana kwa Miguu
Mume na mke wanaozuru Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, hawana haja ya gari. Asubuhi watatazama mashua za Nyhavn. Adhuhuri wataupanda mnara wa Rundetårn uliokamilika mwaka wa 1642. Jioni wataifikia sanamu ya nguva iliyowekwa ufuoni mwaka wa 1913. Njiani watapita Strøget, barabara iliyofungiwa magari mwaka wa 1962. Baadhi ya wenye maduka walihofia kufilisika. Kumbe mwenda kwa miguu ndiye asimamaye, akatazama, akanunua! Basi mji umthaminio atembeaye haupotezi kitu. Barabara ni mali ya umma, na umma ulizaliwa na miguu, si magurudumu. Wapangao miji na walizingatie hilo.