Namba ya Simu Si ya Nyumba Tena

Kuna wanaosema simu ya mezani iliuawa na simu ya mkononi. Mimi naona wengi wetu hatukuwahi kuwa nayo ya kuuawa.

Mwaka wa 2000 Kenya ilikuwa na laini za mezani takriban laki tatu, na watu takriban milioni thelathini. Yaani laini moja kwa watu mia! Tanzania hazikufika laki mbili, na Uganda hazikufika hata laki moja. Nchi hizi tatu zilikuwa chini ya shirika moja la posta na simu hadi Jumuiya ilipovunjika 1977, na shida zikafanana: waya ghali, vijijini hakuna nguzo, na kuunganishiwa ni kungoja miaka. Hapa Kenya wezi wa nyaya za shaba nao wakazidisha hasara.

Simu ya mkononi haikuhitaji waya hadi mlangoni. Lakini kwangu badiliko kubwa ni lingine. Namba ya mezani ilikuwa ya nyumba au ofisi, ukihama, inabaki. Ya mkononi ni ya mtu, anaenda nayo Kisumu hadi Lodwar. Ndiyo maana pesa ziliweza kuifuata: Kenya 2007, Tanzania 2008, Uganda 2009.

Shida ni kwamba bado tunaishi na namba hizi kama za sebuleni. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji, na PIN inajulikana na kila mtu hadi watoto. Zamani mtu akitumia simu yako bila ruhusa, ulipata bili kubwa. Leo unaweza kupoteza karo, pesa za chama, au ukadaiwa mkopo usioujua.

Kwa hivyo, mteja wetu, fanya haya wiki hii:

- Hakikisha laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe.
- Badilisha PIN ikiwa kuna mwingine anayeijua, hata kama ni mtu wa nyumbani.
- Usiache laini ikae muda mrefu bila kutumika. Inaweza kufungwa, kisha namba apewe mtu mwingine.
- Simu ikipoteza mtandao ghafla bila sababu, piga kwa huduma kwa wateja mara moja ukitumia simu nyingine. Huenda kuna mtu amechukua laini yako.

Kumtumia mama pesa ukitaka ni sawa. Kumpa mtu PIN ni jambo lingine kabisa.