Finje Yako Ina Meseji, Mita 20 Je?

Wasee, hii story ya wanasiasa na doh za kanisa bado iko moto. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo aliamuru Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, lirudishe milioni 2.6 za Rais Ruto: mita 2 zilikuwa za nyumba ya padri, laki 6 za kwaya na PMC ya parokia. Watu wakadhani wengine watashika adabu. Wapi! Machi 2025 Rais akatoa mita 20 kwa Jesus Winner Ministry, Roysambu. Jumapili iliyofuata vijana wakaingia barabarani, wakarushiwa vitoa machozi.

Kumbuka sisi wa mtaa hatuna pa kujificha. Tangu M-Pesa ianze 2007, doh zetu zinaacha alama. Ukituma finje ya sadaka kwa Paybill, meseji inaingia: kiasi, saa, namba ya malipo. Mama mboga akiulizwa, anakuonyesha simu. Mheshimiwa naye anashika maiki, anataja mamilioni, watu wanapiga makofi, ibada inaendelea. Ukiuliza zimetoka wapi, unaambiwa unapigana na Mungu.

Eti sadaka ni siri ya mtu na Mola wake. Poa, basi iwe siri! Mbona kamera zote zimeitwa?

Pasta akitaka vijana watulie, asiwasomee mistari ya kutii serikali. Ile skrini inayoonyesha Paybill kila Jumapili, aweke pia mita 20 zimetoka akaunti gani.