Kilwa imo kwenye gemu, watoto wa Kilwa je?

Kila yakitajwa magemu na uhalisia pepe, mjadala wetu huishia kwenye hofu moja: watoto wataharibika. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kwa watu wa pwani ya Lindi kuna swali linaloitangulia: nani anausimulia urithi wao ndani ya teknolojia hii, na kwa faida ya nani?

Tangu 2018, gemu maarufu la Civilization VI, kupitia nyongeza yake ya Rise and Fall, limeiweka Kilwa Kisiwani miongoni mwa maajabu ya dunia. Aliyechagua kuitawala Roma au Japani anaweza kuijenga akiwa na ardhi tambarare kando ya bahari, na tuzo yake ni wajumbe watatu wa kupeleka kwenye miji huru. Kanuni hiyo ina ukweli wa historia ndani yake, maana Kilwa ilitajirika kwa biashara na mahusiano, ikidhibiti dhahabu ya Sofala, na Ibn Battuta aliyeitembelea 1331 aliusifia uzuri wa mji. Hata hivyo, humo Kilwa ni jengo la kumwongezea mchezaji nguvu, si dola ya kuchezwa yenye masultani na mabaharia wake.

Tendaguru, pia mkoani Lindi, nako ni vivyo hivyo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa dinosaria hao, Giraffatitan, leo amesimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mwaka 2016 Google na makumbusho ya huko walitoa video ya uhalisia pepe inayomwonyesha akivaa nyama na ngozi upya. Ni kazi nzuri. Lakini kama ingebuniwa Lindi, huenda ingeanza na Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa uchimbaji ule, na wapagazi waliokuwa na mizigo kichwani.

Faida ya teknolojia hii kwetu haihitaji kubahatishwa. Mwaka 2020 Google, CyArk na ICOMOS waliyaweka magofu ya Kilwa mtandaoni, yakiwa yamepimwa kidijitali, katika mradi wa maeneo ya urithi yanayotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Vipimo vya namna hiyo ni kumbukumbu ya kuta ambazo mawimbi yanazila. Pia vinaweza kumfikisha mwanafunzi wa Liwale, asiye na nauli ya kwenda Kilwa Masoko sembuse ya mashua, kwenye bwawa la pembe nane la kasri la Husuni Kubwa, akaona lilivyokaa ndani ya jumba zima.

Wapo watakaosema tunawafungulia watoto mlango wa uraibu. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa magemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, ila dalili zake ni mahususi: mtu kushindwa kujizuia, kuyatanguliza magemu mbele ya mambo mengine na kuendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Somo la robo saa mbele ya mwalimu haliko karibu na hapo. Miwani ya uhalisia pepe yenyewe huweza kuleta kizunguzungu, kwa kuwa macho huona mwendo ambao mwili hauusikii. Hiyo ni sababu ya kufupisha vipindi na kumkalisha mtoto kitini. Na kwa anayeuliza gharama, seti moja ya miwani hiyo inayozungushwa shuleni inatosha kuanzia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba nakala itageuzwa kisingizio: kwa nini mifupa irudi, au ukuta ukarabatiwe, ilhali picha ipo? Ndiyo maana masharti yawekwe mapema. Taasisi yoyote inayopima magofu au mifupa yetu iache nakala kamili nchini, iwe na simulizi ya Kiswahili iliyoandaliwa pamoja na wenyeji, na sehemu ya mapato iende kwenye ukarabati. Vijana wa Lindi wafundishwe kutengeneza magemu, wasiishie kuyalipia vibandani. Bila masharti hayo, tutakuwa tumetoa malighafi kwa mara ya pili, kisha tukauziwa bidhaa.