Mlango wa Ukumbi Si wa Wenye Macho Peke Yao

Jumamosi moja nilifuatana na rafiki yangu, ambaye ni kipofu, kwenda katika mchezo wa kuigiza kwenye ukumbi mmoja jijini Nairobi. Mwuza tiketi alinigeukia mimi akauliza, "Mzee, huyu haoni, tiketi ni ya nini?" Rafiki yangu akamjibu kwa upole, "Ndugu yangu, masikio ninayo mawili."

Tuliingia. Ngazi hazikuwa na cha kushikilia, na choo kilitambulishwa kwa picha tu. Mchezo ulipoanza ilinibidi nimnong'oneze ni nani ameingia na ni nani ameficha barua, hata jirani zetu wakaguna.

Wengi wetu tunadhani kumjali mlemavu ni kujenga njia ya mteremko kando ya ngazi. Njia hiyo ni ya lazima kwa mwenye kiti cha magurudumu, lakini asiyeona haimwelekezi popote. Yeye anahitaji sakafu yenye alama za kutambulika kwa fimbo, maandishi ya breli milangoni, ukingo wa ngazi wenye rangi kali kwa yule anayeona kidogo, na bawabu anayemtolea mkono aushike badala ya kumburura. Huko Washington, ukumbi wa Arena Stage ulianza mwaka 1981 kuwapa wasioona chombo cha kusikilizia, na msimulizi akawa anawaeleza yanayotendeka jukwaani bila kumsumbua yeyote.

Je, sheria yetu inasemaje? Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote ipasavyo, na ya kutumia breli. Kabla ya hapo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma muda wa miaka mitano kuyarekebisha. Mwaka 2025 ikatungwa nyingine mahali pake. Basi sheria tunazo. Lakini ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Nawasihi wenye kumbi waanze na madogo: kopo moja la rangi kwa ngazi, na nusu siku ya kuwafundisha mabawabu. Hujafa hujaumbika, ndugu msomaji. Kesho huenda ikawa ni mimi au wewe tunayepapasa ukuta tukitafuta mlango, huku mtu akiuliza tiketi yetu ni ya nini.