Tupambe Kurasa Zetu, Lakini Zisomeke

Naomba mhariri anipe nafasi katika jarida letu la mwaka huu nitoe dukuduku linalonikereketa tangu muhula uliopita. Nikikosea, nirekebisheni, lakini nikisema kweli, msinune.

Kila aliyelala bwenini anajua habari ya masanduku ya bati. Siku ya kwanza ya Kidato cha Kwanza huingia langoni yakifanana kama shilingi kwa ya pili. Ngoja wiki tatu tu. Huyu amechora ua kwenye kifuniko, yule amebandika picha ya timu anayoishabikia, mwingine ameandika jina lake kwa rangi ya kucha ya dadake. Hakuna mwalimu aliyetuagiza. Ni maumbile ya binadamu: mpe pahali pake, hata kama ni pa upana wa sanduku, naye atatafuta rangi apapambe.

Basi, ukurasa wa wasifu katika mitandao ya kijamii ndio sanduku la bati la zama hizi. Muhula uliopita chama chetu kiliwapa wanachama kurasa za aina hiyo kwenye kompyuta za maabara. Kila mmoja aliweka jina lake, kidato, methali aipendayo na shairi moja alilotunga. Tukafundishwa pia CSS, ile lugha fupi inayoambia kompyuta jinsi ya kuupamba ukurasa, na kila mtu akaachiwa uwanja apambe atakavyo. Haukupita mwezi kabla malalamiko hayajaanza. Ati kurasa nyingine zinaumiza macho, ati nyingine hazisomeki kabisa. Kamati ikapendekeza kurasa zote zivae sare: maandishi meusi juu ya weupe, basi. Mkutano mkuu wa muhula ujao ndio utakaoamua.

Mimi napinga sare hiyo. Lakini kabla sijapinga, sharti nikiri: ukurasa uliolalamikiwa kuliko zote ulikuwa wangu.

Niliupenda rangi ya njano. Shairi langu zima nililiandika kwa njano iliyokolea juu ya weupe, na herufi nilizipunguza ili beti zote zionekane kwa mara moja. Nilipomwita jirani yangu wa dawati aje astaajabu, alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Macho yake hayaoni vizuri tangu utotoni. Hata ubaoni husomewa na mwenzake. Alitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Kwani hapa umeandika kitu?" Jamani, nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hiyo sizungumzi kama mtu aliyeonewa. Nazungumza kama mkosaji anayesema kwamba dawa ya kosa lake si kunyang'anywa brashi.

Hebu kwanza tuelewane CSS ni kitu gani. Maneno yaliyo ukurasani ni mwili. CSS ni nguo. Unataja kitu unachotaka kukipamba, kwa mfano kichwa cha habari, halafu ndani ya mabano unataja sifa yake: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi ya pembeni. Rangi unaweza kuiandika kwa alama ya reli na tarakimu au herufi sita. Ile njano yangu ya balaa ilikuwa #FFFF00. Ukibadilisha mstari mmoja, ukurasa mzima unavaa upya na hakuna neno hata moja la shairi lililoguswa. Mtu akiliona hilo kwa mara ya kwanza hubaki mdomo wazi. Anatambua kwamba ule ukurasa aliodhani umeshuka kutoka mbinguni umeandikwa na mtu kama yeye, na kwamba naye anaweza kuuandika.

Wako walioutambua ukweli huo kabla yetu. Mtandao wa MySpace ulianzishwa Marekani mwaka 2003, na katika kila wasifu mlikuwa na visanduku vya kujieleza. Vijana wakagundua kwamba visanduku hivyo havikupokea maneno matupu. Vilimeza hata misimbo ya HTML na CSS. Lo! Kurasa zikawa nyeusi zenye nyota, nyingine zikametameta kama mti wa Krismasi, na nyimbo zikaanza kuimba zenyewe pindi ukurasa ulipofunguliwa. Wengi hawakujua hata walichokuwa wakifanya. Walinakili msimbo wa mwenzao, wakabadilisha rangi moja, wakatazama kilichotokea, wakajaribu nyingine. Lakini si ndivyo sote tulivyojifunza kupika, kwa kuchungulia sufuria ya mama? Wapo watengenezaji wa tovuti leo wanaosimulia kwamba mstari wao wa kwanza wa CSS waliuandika katika wasifu wa MySpace, bila mwalimu wala mtihani.

Najua wapinzani wangu watanikumbusha habari ya Samy, nami siwaficheni. Mwezi wa Oktoba mwaka 2005 kijana wa miaka 19, Samy Kamkar, alificha amri za programu katikati ya CSS ya wasifu wake. MySpace ulikuwa na chujio la kuzuia amri kama hizo, lakini yeye alilikata neno lililokatazwa vipande viwili, kipande mstari huu na kipande mstari wa chini, nalo chujio halikulitambua. Kila aliyefungua ukurasa wake alijikuta amemwongeza Samy katika orodha ya marafiki, na wasifu wake mwenyewe umeandikwa kwamba Samy ni shujaa wake. Amri zikajinakili humo, zikamngoja mgeni mwingine. Chini ya siku moja, kurasa zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeambukizwa, na mtandao mzima ukabidi ufungwe kwa muda ili usafishwe. Mwaka 2007 kijana huyo alikiri kosa mahakamani, akawekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu.

Ni kisa cha kutisha, sikatai. Hata hivyo, tukitazame vizuri. Kilichowaponza MySpace si rangi, bali ni mlango uliopitisha amri pamoja na rangi. Vivinjari vya siku hizi havitekelezi tena amri zilizofichwa katika CSS kwa njia ile. Anayechoma ghala kwa sababu ya panya hulala njaa yeye, panya akahamia kwa jirani.

Lakini hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda. Facebook, uliofunguliwa kwa umma mwaka 2006, uliwavika watu wote sare ya namna moja, na kufikia mwaka 2008 ulikuwa umeupita MySpace kwa idadi ya wageni duniani. Sisemi ulishinda kwa sababu ya sare peke yake. Ila waliofuata waliiga mkondo huo. Tazama wasifu katika Instagram au TikTok: unaruhusiwa picha ya uso na maneno machache. Rangi, mpangilio na ukubwa wa herufi huamuliwa na mwenye jengo. Sisi ni wapangaji ambao hata msumari wa kutundikia kalenda haturuhusiwi kupigilia.

Sisi Wakenya tunaijua hadithi ya sare. Mwaka 2004 matatu zilitakiwa zivae mstari wa njano, na michoro mingi ikafutwa. Je, watu walisahau kuchora? Simama leo kando ya barabara yoyote ya Nairobi ujionee mwenyewe. Na hata katika intaneti hamu hiyo haikufa. Tumblr, ulioanzishwa mwaka 2007, huwaachia watumiaji wajibadilishie sura ya kurasa zao kwa CSS. Mwaka 2020 kijana mmoja wa Ujerumani alianzisha SpaceHey, mtandao ulioiga ule mtindo wa zamani, na vijana ambao walikuwa wachanga enzi za MySpace wakaingia kupamba.

Sasa nirudi kwa jirani yangu wa dawati, maana yeye ndiye hoja nzito kuliko zote. Wanaotaka sare husema inamlinda mtu kama yeye. Nilidhani hivyo pia, mpaka nilipojifunza CSS ilianzaje.

Pendekezo la kwanza la CSS lilitolewa mwezi wa Oktoba mwaka 1994 na Håkon Wium Lie, raia wa Norwe aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN, Uswisi. Herufi ya kwanza ya jina hilo inasimamia neno lenye maana ya kuteremka kama maji ya maporomoko. Kinachoteremka ni matakwa: ya mwandishi wa ukurasa na ya msomaji wake, mpaka yapatane. Katika pendekezo lile, kila upande uliweza kutaja kwa asilimia uzito wa matakwa yake. Asilimia hizo hazikudumu, lakini wazo lilidumu. Toleo la kwanza lilipoidhinishwa mwezi wa Desemba mwaka 1996, mwandishi na msomaji wote wakisema "hili ni muhimu", aliyeshinda ni mwandishi. Toleo la pili likaja mwezi wa Mei mwaka 1998 na kuigeuza kanuni hiyo. Tangu hapo, ikifika hapo pa "muhimu", msomaji ndiye mwenye neno la mwisho.

Niliposoma hayo nilinyamaza kidogo. Kumbe lugha yenyewe ilikwisha kumfikiria jirani yangu kabla mimi sijazaliwa!

Tulikaa naye maabarani Jumamosi moja, tukaandika laha ya pili ya CSS kwa ajili ya ukurasa wangu. Herufi tukazikuza. Usuli tukaufanya mweusi. Rangi ya maandishi akaichagua yeye, na mkichagua nyinyi hamtakisia: njano. Njano ile ile! Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2008 unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Njano yangu juu ya weupe haikufika hata 1.1 kwa 1. Juu ya weusi inapita 19 kwa 1. Alilisoma shairi langu lote kwa sauti, bila kuinama, kisha akasema ubeti wa tatu una mizani iliyozidi. Alisema kweli. Kwa wiki nzima hakuna aliyeliona kosa hilo, maana hakuna aliyeweza kulisoma.

Sasa niambieni, ile sare ya kamati ingemsaidia nini? Maandishi meusi ya herufi ndogo juu ya weupe unaong'aa humwumiza macho vilevile. Sare humtosha mtu wa wastani, na mtu wa wastani hayupo darasani mwetu.

Kwa hayo, naomba mkutano mkuu uikatae sare na badala yake ukubali mambo manne. Kwanza, kila mwanachama apambe ukurasa wake, lakini tofauti ya mwanga ifike 4.5 kwa 1. Hesabu yake si ngumu, Kidato cha Pili wanaiweza. Pili, tupambe kwa rangi, herufi na nafasi tu; amri za programu na nyimbo za kujiimbia zibaki nje. Tatu, kila ukurasa uwe na laha ya pili ambayo msomaji anaweza kuichagua na kuibadilisha apendavyo. Nne, mtu asibandike msimbo asioweza kumweleza mwenzake. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

Nanyi mnaofikiri kwamba huu ni mchezo wa rangi tu, kumbukeni kwamba tutatoka shuleni humu tukaishi miaka mingi ndani ya kurasa zilizotengenezwa na wengine. Asiyejua kwamba ukuta unaweza kupakwa rangi hatauliza hata siku moja kwa nini amekatazwa.

Shime wenzangu, tukutane mkutanoni. Ubeti wa tatu nimekwisha kuurekebisha.

Mwanachama, Kidato cha Tatu