Punguza wati kabla ya kununua betri nyingine

Leo nina ubishi kidogo na vijana wanaohariri video na kucheza gemu huko Kitui na Makueni. Sola ikishindwa kufika usiku wa manane, wazo la kwanza huwa: tununue betri nyingine. Mimi nasema hapana. Anza na kadi ya grafiki.

Kwa nini? Watengenezaji hushindana kwa kasi, kwa hiyo kadi hutoka kiwandani ikiwa imesukumwa karibu na ukomo wake. Umeme unaoliwa na chipu ikiwa kazini hufuata kasi yake, mara volti, mara volti tena. Piga hesabu: punguza kasi na volti kwa asilimia 10 kila moja, upate 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani 0.729. Umepoteza sehemu moja ya kumi ya kasi, ukaokoa zaidi ya robo ya umeme huo!

Chukua GeForce RTX 3060. Kikomo chake cha kawaida ni wati 170. Kwenye Linux andika nvidia-smi -q -d POWER uone viwango vinavyoruhusiwa, kisha sudo nvidia-smi -pl 120. Basi! Ukiwasha tarakilishi upya itabidi urudie amri hiyo. Wa Windows watumie MSI Afterburner.

Wati 50 ni kitu gani? Kadi ikifanya kazi kwa nguvu zote saa 6, ni wati-saa 300. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, hubeba wati-saa 1,200, na si vyema kuimaliza kupita nusu. Kwa hiyo hata kazi ikichelewa kidogo, umerudishiwa karibu nusu ya akiba ya usiku bila kutoa shilingi. Na kwa joto la Makindu au Mutomo, feni nayo itapumua.

Najua mtaniambia: "Nimelipia kadi nzima, mbona nitumie sehemu?" Lakini asiye na stima ya gridi hulipia kila wati mara ya pili: paneli, inveta, betri. Video ya arusi ikichelewa dakika chache, mteja hatajua. Tarakilishi ikizimika katikati, atajua.

Nanyi mafundi wa sola: kabla ya kumuuzia mtu betri ya pili, muulizeni kadi yake inakula wati ngapi.

Mnasemaje wadau?