Robusta ya Busia: Tuvushe Maarifa, Si Miche

Malori yapitayo Malaba usiku na mchana kuelekea Mombasa hubeba, pamoja na shehena nyinginezo, kahawa ya Uganda. Katika mwaka wa 2023/24 nchi hiyo iliuza ng'ambo zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60 kila moja, na sehemu kubwa ya magunia hayo ilikuwa Robusta. Walakini mwalimu wa Teso akitaka kuwapeleka wanafunzi wake wakauone mbuni wa Robusta upande huu wa mpaka, itambidi kwanza aulize ni nani aliye nao. Kahawa ya Kenya ni Arabika karibu yote. Robusta tunayo kidogo mno, na kidogo hicho kimo katika mashamba ya wakulima wadogo wa Busia.

Uadimu huo haukuletwa na maumbile. Robusta ni mmea wa nyanda za chini zenye joto na mvua ya kutosha, na Busia, iliyo kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, ni makao yake halali. Arabika ya Nyeri na Kiambu ndiyo itakayo miinuko yenye ubaridi. Udongo haubadiliki mtu avukapo Mto Malaba au Mto Sio, wala Mteso na Msamia hawageuki kuwa watu wengine. Kilichobadilika ni ramani. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na tangu hapo elimu ya kahawa ya upande huu ikaelekea Ruiru, ambako mtafiti alishughulikia Arabika, ilhali ya upande wa pili ikaelekea kwingine. Hivyo mbuni mmoja ukawa mali ya taifa huku, na mgeni kule, kwa sababu ya mstari.

Mpaka huu, hata hivyo, unaijua sana kahawa iliyomo guniani. Mnamo Julai 1975 jalidi iliteketeza mibuni ya Brazili, bei ikapaa duniani kote, na katika miaka ya 1976 na 1977 kahawa ya Uganda, iliyokuwa ikinunuliwa kwa bei duni chini ya utawala wa Idi Amin, ikavushwa kwa vichwa, kwa punda na kwa baiskeli hadi soko la Chepkube, katika Bungoma ya leo. Wazee wangali wanasimulia utajiri wa miezi ile. Neno magendo lilipata uzito wake wakati huo, likasemwa kwa kicheko zaidi kuliko kwa haya. Lakini hebu tujiulize, utajiri ule uliacha nini shambani? Magunia yalivuka, ujuzi wa kuutunza mbuni haukuvuka pamoja nayo.

Mimi ni mwalimu wa lugha, si bwana shamba, na jambo linalonivuta katika habari hii ni maneno. Kamusi zetu husema kwamba mbuni ni mti uzaao buni, na neno hilo lina asili yake katika Kiarabu. Mkulima wa Kenya, akienda kiwandani kwa chama chake cha ushirika, hukutana na mbuni mwingine kabisa: kahawa iliyokauka na ganda lake bila kumenywa, ile ilipwayo bei ya chini kuliko zote. Kwa mlima Arabika, basi, mbuni ni jina la kushindwa. Ni mazao yaliyochelewa kuchumwa au kuokotwa chini. Robusta kwa kawaida hukaushwa juani na ganda lake, na huo ndio utengenezaji wake wa halali. Waganda huiita kahawa hiyo kiboko. Watu wa Kagera, Tanzania, huiita kahawa ya maganda. Hakuna dharau katika majina hayo. Ni sisi tu tuliomtwika mkulima wa Busia jina litangazalo kwamba mazao yake ni takataka kabla hata hayajapimwa kwenye mizani.

Dharau hiyo haina msingi hata katika nasaba. Wataalamu wa mimea wameonyesha kwamba Arabika yenyewe ilitokana na kuchanganyika kwa Robusta na jamaa yake mwingine wa porini, Coffea eugenioides, katika zama za kale. Yaani Robusta ni mzazi. Tena Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kusifiwa kwa kustahimili chulebuni na kutu ya majani, ilirithi sehemu ya ustahimilivu huo kwa mbegu chotara iliyopatikana kisiwani Timor, ambako Arabika na Robusta zilichanganyika zenyewe. Anayeicheka Robusta akiwa katikati ya shamba la Ruiru 11 anamcheka jamaa wa mimea yake mwenyewe.

Sasa natufike shambani, kwa maana hapo ndipo madhara ya elimu ya upande mmoja yanapoonekana. Mkulima aliyefundishwa Arabika huamini kwamba mbegu nzuri huzaa mche unaofanana na mama yake. Kwa Arabika hakosei sana, kwa kuwa ua lake hujichavusha lenyewe. Ua la Robusta halikubali chavua ya mti wake. Lazima lipate chavua ya mti mwingine wenye asili tofauti, na kwa hiyo mbegu zake huzaa watoto wa kila namna, huyu mzazi, yule tasa. Atakaye kuhifadhi sifa za mti bora hana budi kuuzidisha kwa vipandikizi: vipande vya chipukizi la wima, vikatwavyo na kuoteshwa kitaluni penye kivuli na unyevu hadi vitoe mizizi. Na hapa pana mtego wa pili. Mkulima akisikia kwamba kuna mti mmoja uliowashinda wenziwe wote, akajaza shamba zima kwa vipandikizi vya mti huo peke yake, atapata maua mazuri na buni chache mno, maana miti yote hiyo ni mti mmoja uliorudiwa na hauwezi kujichavusha. Lazima achanganye aina kadhaa shambani. Jambo hili dogo, asipoambiwa mtu, humgharimu miaka mitatu ya kungoja.

Mengine ni mepesi kidogo, ingawa nayo yana namna yake. Mizizi ya Robusta hukaa karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo inataka matandazo mazito yasiyogusa shina, na inapenda kivuli chepesi, kama cha migomba. Jembe lisichimbe kwa kina. Nafasi ya mita 3 kwa 3 hutosha. Mche mchanga huinamishwa ili utoe machipukizi, kisha huachiwa mashina matatu au manne. Shina likizeeka hukatwa na jipya likapokea zamu. Kunyunyiza dawa ya shaba kwa kuogopa chulebuni, kama wafanyavyo watu wa nyanda za juu, ni kupoteza fedha bure.

Lakini Robusta ina adui yake, naye ndiye aliyenisukuma kuandika. Mwaka 1993 ugonjwa wa mnyauko ulithibitishwa nchini Uganda, na mwaka 1997 ukaonekana Kagera. Huletwa na ukungu ambao huingia kupitia jeraha la shina na kuziba mishipa ya maji. Majani hugeuka manjano, hujikunja, huanguka. Tawi baada ya tawi hukauka, mpaka mti mzima unasimama kama kuni. Ukibandua gome utaona michirizi ya buluu iliyokoza. Dawa hakuna. Katika miaka michache Uganda ilipoteza karibu nusu ya miti yake ya Robusta, na kila familia iliyopoteza ilipoteza karo, bati na mahari. Kilichoiokoa ni watafiti waliotafuta miti iliyosalia hai katikati ya mizoga, wakaijaribu na kuizidisha: wa Kituza, huko Mukono, wakatoa aina ziitwazo KR, na wa Maruku, huko Bukoba, wakatoa nne mwaka 2011, nazo ni Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1.

Bei nayo imekuwa kishawishi. Mnamo 2024 tani moja ya Robusta ilipita dola 5,000 katika soko la London. Mtu wa Busia akisikia hayo, na akijua kwamba kule ng'ambo miche imejaa vitaluni, atafanya nini? Atapanda bodaboda. Atavuka kwa njia za panya, arudi na miche 50 ndani ya gunia, pamoja na udongo wake. Simlaumu, maana ndivyo mpaka ulivyomfunza tangu Chepkube. Lakini gunia la buni ya magendo liliikosesha serikali ushuru tu. Mche wa magendo waweza kuliangamiza shamba la jirani na la jirani wa jirani. Sheria inataka kibali na ukaguzi wa KEPHIS, idara iangaliayo afya ya mimea, na kwa mara moja hii sheria inamlinda maskini kuliko inavyomsumbua. Kinachostahili kuvushwa bila kibali ni maarifa, na hayo ndiyo hatuyavushi.

Kwa nini? Sababu moja, kwa maoni yangu, ni kwamba hatujayapa lugha. Somo la kilimo hufundishwa shuleni mwetu kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyakariri majina ya magonjwa kwa ajili ya mtihani, kisha hurudi nyumbani asiweze kumweleza mama yake kwa nini panga lililokata mti mgonjwa lipitishwe motoni kabla ya kugusa mti mzima, na kwa nini mti huo ung'olewe na kuchomwa papo hapo badala ya kubebwa kuwa kuni. Nasi hatuwezi kusingizia uhaba wa maneno. Chulebuni, mnyauko, matandazo, vipandikizi, kupogoa: yote haya hutumika Tanzania, katika maandishi yanayomhusu mkulima wa kawaida. Uganda nayo, kwa uamuzi wa baraza lake la mawaziri wa Julai 2022, imekubali Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Mbuni tunao sisi, ujuzi wanao wao, na maneno yameshatungwa kusini mwa Ziwa.

Busia si mji wa kushindwa na kazi kama hii. Ndiko waendesha baiskeli walikowaita abiria kwa sauti ili wawavushe mpaka, likazaliwa neno bodaboda ambalo leo limo kinywani mwa kila mtu Afrika Mashariki. Hakuna kamati iliyoliidhinisha.

Ombi langu kwa walimu wenzangu wa Busia, Malaba na Teso ni dogo. Vyama vya 4K, vilivyofufuliwa mashuleni mwaka 2021, vinatafuta kazi ya maana. Nao walimu wa Kiswahili kila muhula hutafuta mada za insha ya maelezo. Wanafunzi nawatumwe kwa wakulima wachache walio na Robusta wakaulize, waandike, walinganishe na yale wanayoyafanya wenzao wa Busoga, safari ya asubuhi moja kwa basi. Shule mbili, moja ya huku na moja ya kule, zaweza kutoa kijitabu cha kurasa 20 kwa Kiswahili kinachosomeka pande zote za mto. Mbuni na uitwe mbuni humo, kwa maana yake ya heshima, na kahawa iliyokauka na ganda itafutiwe jina jingine. Hilo la Kagera lafaa. Ukurasa wa kwanza ningewaachia mnyauko, pamoja na mchoro wa gome lililobanduliwa, ili mtoto ajue atazame wapi kabla baba yake hajafunga safari ya kwenda kununua miche.